Jicho Jekundu: Pima Presha Kabla ya Kutia Dawa

Msomaji, huenda umewahi kuamka asubuhi ukakuta jicho lako moja limekuwa jekundu, linatoa machozi na kuuma kila ukitazama mwangaza. Ulifanya nini? Kama wewe ni mkazi wa Meru au Embu, nakisia ulifanya wanavyofanya wengi. Ulipitia kemisti iliyo karibu na steji ya matatu, ukasema "nipe dawa ya macho", ukapewa kijichupa, ukatia matone mawili na kuelekea kazini. Siku ya tatu wekundu ukapungua, nawe ukasahau.

Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Leo nataka kuzungumza nawe kuhusu wale ambao hayaishii hapo, kwa sababu mmoja wao aliniachia funzo ambalo sijalisahau.

Ni mama wa miaka 38 anayefanya biashara ya mitumba kati ya Meru na Embu. Alikuja kwenye kliniki yangu akilalamika kwamba jicho la kushoto limemrudia tena. Nilipomuuliza "tena" maana yake nini, alisema kwa muda wa miaka minne jicho hilo hilo, na si lile la kulia hata siku moja, lilikuwa likiwa jekundu mara mbili au tatu kwa mwaka. Kila mara alinunua dawa ile ile ya matone. Alikuwa nayo kwenye mkoba. Kilichomleta safari hii ni kwamba macho yalikuwa na ukungu, na usiku akiwa ndani ya gari alikuwa akiona duara za rangi, kama upinde wa mvua, kuzunguka taa za malori.

Nilimulika jicho kwa tochi. Nikaona wekundu. Kulikuwa na foleni nje, na vumbi lilikuwa limezidi mwezi ule. Nikamwandikia dawa ya kuua bakteria na kumwambia arudi ikiwa hatapata nafuu. Sikukitazama kile kijichupa cha kwenye mkoba, wala sikupima presha ya jicho, kwa sababu sikuwa na chombo cha kuipimia. Alirudi baada ya wiki tatu. Safari hiyo nilimtuma katika kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa. Presha ya jicho la kulia ilikuwa 15. Ile ya kushoto ilikuwa 46.

Ili uelewe uzito wa nambari hizo, yafaa kwanza ujue jinsi jicho linavyojiendesha. Ndani ya jicho, sehemu ya mbele, mna maji maangavu yanayotengenezwa mchana na usiku. Haya si machozi. Machozi hutoka nje. Maji haya hulisha sehemu za jicho zisizo na mishipa ya damu, hupitia kwenye mboni, kisha hutoka kupitia kichungi chembamba kilicho katika pembe ambapo kile kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, hukutana na irisi, lile duara lenye rangi. Yanayotengenezwa yakilingana na yanayotoka, presha hubaki baina ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Kichungi kikiziba, maji huendelea kutengenezwa kama kawaida, presha hupanda, na kinachoumia ni ule mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa huo ndio glakoma, ambayo watu wengi huku kwetu huiita presha ya macho. Nyuzi za mshipa huo zikishakufa, hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha.

Glakoma ya kawaida humnyemelea mtu polepole, bila uchungu, na aghalabu hushika macho yote mawili. Hii ya mama wa mitumba ni ya namna nyingine. Ililetwa na virusi vya hepesi.

Najua neno hilo huwafanya watu kunong'ona, kwa hivyo niseme wazi: aliye na hepesi ya jicho hajafanya uasherati. Virusi vinavyohusika mara nyingi ni vile vya aina ya kwanza, vinavyoleta malengelenge ya mdomoni ambayo sisi hudai kuwa ni malaria inayotoka. Wengi wetu huambukizwa tukiwa watoto, pengine kwa busu la shangazi, bila kujua. Virusi hivyo vikishaingia haviondoki. Hujificha katika mshipa wa fahamu wa uso na kulala huko miaka mingi. Mwili ukichoka, au ukipatwa na homa au jua kali, huamka na kufuata tawi mojawapo la mshipa huo. Vikifuata tawi la mdomo, unapata malengelenge. Vikifuata tawi la jicho, vinaweza kuchimba kidonda juu ya konea, au kuingia ndani na kuwasha moto kwenye irisi na kwenye kile kichungi nilichokitaja.

Hapo ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na mengi yanayofanana nao. Jicho likivimba ndani kwa sababu nyingine, mara nyingi presha hushuka. Likivimba kwa sababu ya hepesi, mara nyingi presha hupanda, tena hupanda ghafla, kwa kuwa kichungi chenyewe kimevimba na kuzibwa na takataka za uvimbe, mfano wa kichungi cha chai kilichojaa majani. Irisi nayo inaweza kunata kwenye lenzi iliyo nyuma yake, na maji yakakosa hata njia ya kukifikia kichungi. Kwa hiyo daktari akiona jicho moja, linalorudiarudia, lina uvimbe ndani na presha iko juu, anapaswa kufikiria hepesi kabla ya jambo lingine lolote. Kuna dalili nyingine pia. Irisi huwa imepauka upande mmoja, mboni si duara kamili, na konea ikiguswa kwa ncha ya pamba mgonjwa hashtuki kama inavyotarajiwa. Mama yule alikuwa na zote tatu. Alipoulizwa kama hupata malengelenge ya mdomoni, alicheka na kusema ni ya kila msimu wa baridi.

Virusi hivi vina ndugu. Vile vinavyoleta tetekuwanga utotoni navyo hulala katika mishipa ya fahamu, na ukubwani huamka kama mkanda wa jeshi: vipele vyenye maji, vinavyochoma kama moto, upande mmoja tu wa mwili. Vikitokea kwenye paji la uso na ukope, jicho liko hatarini. Daktari Mwingereza Jonathan Hutchinson, aliyeishi katika karne ya 19, alionyesha kwamba vipele vikifika kwenye ncha ya pua uwezekano wa jicho kudhurika ni mkubwa zaidi, kwa kuwa tawi moja la mshipa hupeleka nyuzi kwenye pua na ndani ya jicho. Hata hivyo ncha ya pua ikiwa safi usijipe moyo sana, kwani jicho linaweza kudhurika vilevile. Vidonge vya asikloviri hufanya kazi bora vikianzishwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Nimewaona watu waliomaliza saa hizo 72, na wiki mbili juu yake, wakipakwa majivu na majani yaliyopondwa, kwa kuambiwa kuwa wamerogwa au wamepitiwa na buibui. Na ikiwa mkanda huo umempata mtu aliye chini ya miaka 50, ni busara apimwe virusi vya Ukimwi. Kipimo hicho hakimhukumu mtu. Kinga ya mwili ikishuka virusi hivi hupata nafasi, na dawa za kurudisha kinga zipo.

Sasa turudi kwenye kijichupa cha kwenye mkoba, maana hapo ndipo ninapotaka kubishana na watu.

Kijichupa kile kilikuwa na dawa mbili ndani yake: moja ya kuua bakteria, nyingine ya jamii ya steroidi. Steroidi ni dawa ya kutuliza uvimbe. Ukiitia katika jicho jekundu, karibu jicho lolote jekundu, wekundu hupungua na mgonjwa hufurahi. Hiyo ndiyo sababu inauzwa sana. Lakini haiui virusi. Ikitiwa peke yake kwenye konea yenye kidonda cha hepesi, kidonda ambacho kikipakwa rangi na kumulikwa kwa taa ya buluu huonekana kama matawi ya mti, matawi hayo hupanuka na kuungana, na jicho linaweza hata kutoboka. Isitoshe, steroidi yenyewe hupandisha presha ya jicho. Takriban mtu 1 kati ya 3 akiitumia wiki kadhaa mfululizo presha yake hupanda, na wachache miongoni mwao hupanda sana, bila uchungu wowote wa kuwaonya.

Kwa hivyo mama yule alikuwa akipigwa kutoka pande mbili. Virusi vilikuwa vikiziba kichungi, na dawa iliyomwondolea wekundu ilikuwa ikisaidia kukiziba. Kila mara jicho lilipokuwa jeupe alidhani amepona.

Usinielewe vibaya, msomaji. Sisemi steroidi ni sumu. Wagonjwa hawa hawa mara nyingi huhitaji steroidi, kwa sababu uvimbe usipotulizwa irisi itanata na kichungi kitabaki na makovu. Tofauti ni kwamba daktari wa macho huitoa baada ya kuhakikisha hakuna kidonda juu ya konea, huiambatanisha na dawa ya kuzuia virusi, hupima presha kila mara, na huipunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Kuiacha ghafla nako ni hatari; uvimbe hurudi kwa kishindo. Na kuna wakati presha hukataa kushuka, ikawa lazima mtu aamue kama ni uvimbe unaotaka steroidi zaidi, au ni steroidi yenyewe inayotaka kupunguzwa. Hata bingwa hukuna kichwa hapo. Je, kijana wa dukani ataamuaje akiwa amesimama nyuma ya kaunta?

Kuhusu tiba nyingine nitasema machache, ili ukiandikiwa usishangae. Asikloviri ya vidonge ndiyo nguzo. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani, matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 1998, uliwafuata wagonjwa zaidi ya 700 waliowahi kupata hepesi ya jicho. Waliomeza miligramu 400 mara mbili kwa siku kwa miezi 12, ugonjwa uliwarudia asilimia 19. Waliomeza vidonge visivyo na dawa, uliwarudia asilimia 32. Ndiyo maana unaweza kuandikiwa vidonge kwa mwaka mzima hata kama jicho limetulia. Kunywa maji ya kutosha, na mwambie daktari kama figo zako zina kasoro. Mboni hutiwa dawa ya kuipanua ili irisi isinate, na kwa siku hizo utashindwa kusoma gazeti karibu. Ili kushusha presha kuna matone ya timololi, lakini mwenye pumu au moyo unaopiga polepole asiyatumie. Kuna vidonge vya asetazolamidi, ambavyo huleta ganzi ya vidole na safari nyingi za msalani, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme mapema. Matone ya jamii ya latanoprosti, ambayo ni mazuri sana kwa glakoma ya kawaida, madaktari wengi huyaepuka wakati hepesi inawaka, kwa hofu ya kuiamsha zaidi. Kwa hivyo usiazime dawa ya presha ya macho ya nyanya yako, hata kama ugonjwa unaitwa jina moja. Dawa zikishindwa kuna upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya, ingawa jicho lililovimba huponya upasuaji kwa makovu, na daktari hupenda kulituliza kwanza.

Haya yote yanategemea jambo moja dogo: mtu apime presha. Nami nasema bila kuficha kwamba sisi madaktari wa kawaida ndio tunaoangusha wagonjwa hapo. Tunapima presha ya mkono wa kila anayeingia, hata aliyekuja kwa sababu ya kucha, lakini presha ya jicho linalouma tunaiona kuwa kazi ya wengine. Kisingizio kwamba vifaa ni ghali hakitoshi. Mwaka wa 1905 daktari wa Norway, Hjalmar Schiøtz, alitengeneza kipimo cha chuma chenye kijiti na vizito vidogo, kisichohitaji umeme, kinachowekwa juu ya jicho lililotiwa dawa ya ganzi. Si kamilifu, kinahitaji kusafishwa vizuri, na jicho lenye kidonda haliwekewi. Lakini kingeweza kutofautisha 15 na 46. Siku hizi pia kuna vidogo vya kushika mkononi visivyohitaji hata ganzi. Baada ya mama yule nilinunua kimoja. Bei yake iliniuma, nakiri. Kaunti ambayo imejenga majumba ya hospitali na kuyapaka rangi haiwezi kuniambia kwamba haiwezi kuweka kipimo kama hicho katika kila hospitali ndogo, kuanzia Maua hadi Siakago, na kumfunza afisa wa kliniki mmoja kukitumia. Kenya imekuwa ikiwafunza maafisa wa kliniki wa macho kwa miaka mingi, nao ni hodari. Wape vifaa.

Kisha kuna maduka. Chini ya Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, dawa za namna hii ni za kutolewa kwa cheti cha daktari. Kila mtu ajua jinsi mambo yalivyo. Nimewasikia wenye maduka wakijitetea kwamba wakikataa kuuza, mteja atavuka barabara na kununua kwingine. Ni kweli, atavuka. Ndiyo sababu kazi hii haiwezi kuachiwa dhamiri ya mwenye duka mmoja. Ni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na ningependa kuona wakaguzi wake wakiuliza kuhusu matone ya macho kwa ukali ule ule wanaoulizia dawa za usingizi.

Utaniambia, daktari, hospitali ya rufaa ni mbali na foleni ni ndefu. Ni mbali kweli kwa aliyeko Mutuati au Ishiara. Kusubiri kutwa nzima ili umwone afisa wa macho, ukikosa mauzo ya siku, si jambo la kupuuzwa na mtu mwenye mshahara kama mimi. Sikuambii uende huko kwa kila jicho linalowasha. Macho yote mawili yakiwa mekundu, yakiwasha na kutoa tongotongo, na unaona vizuri, mara nyingi ni jambo la kupita. Nenda upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana, ikiwa ni jicho moja tu, ikiwa linauma ndani kwa ndani, ikiwa mwangaza hauvumiliki, ikiwa unaona ukungu au duara za rangi kuzunguka taa, ikiwa una vipele kwenye paji la uso, au ikiwa jicho hilo hilo limewahi kukusumbua hivyo hapo nyuma. Vitengo vya macho viko katika hospitali za rufaa za Meru na Embu. Ugonjwa ukiwashinda huko, wao wenyewe watakuelekeza Kikuyu au Nairobi.

Ukifika, mwulize anayekuhudumia: presha ya jicho langu ni ngapi? Akikupa nambari, iandike kwenye kitabu chako pamoja na tarehe. Asipokuwa na kipimo, mwombe akwambie ni nani aliye nacho. Na ukiwa dukani, kabla ya kulipa, soma kasha. Ukikuta jina linaloishia kwa herufi "sone" au "solone", hiyo ni steroidi. Irudishe hadi uonwe.

Mama wa mitumba bado anasafiri kati ya Meru na Embu, ingawa sasa hasafiri usiku. Presha ya jicho lake la kushoto haijapita 18 kwa mwaka mzima. Lakini akifumba jicho la kulia, upande wa puani wa jicho la kushoto hauoni kitu, na hautaona. Sehemu gani ya upotevu huo ilitokea katika ile miaka minne ya matone, na sehemu gani katika zile wiki tatu nilizompa mimi, hakuna anayeweza kupima. Hajawahi kuniuliza. Huja kila baada ya miezi mitatu, huketi na kuinua kidevu kabla sijamwambia, na nikimaliza husema, "Niambie nambari, daktari."